Nyigu upenuni: nani aondoke, nani aachwe, na kwa nini kazi ifanywe usiku

Njia ya kale ya kuwaondoa nyigu katika nyumba za pwani haihitaji maelezo marefu. Unatafuta mti mrefu, unafunga tambara kwenye ncha, unalichovya katika mafuta ya taa, unaliwasha, kisha unalisogeza upenuni kilikoning'inia kiota. Mabawa huungua kwanza, wadudu huanguka, na kiota chenyewe, kwa kuwa ni karatasi tupu, huteketea mara moja. Njia hiyo inafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba makuti nayo ni kuni.

Mwenye paa la bati asijione salama. Chini ya bati pana kenchi, chini ya kenchi pana dari, na kati ya hivyo viwili pana nyaya za umeme, vumbi, viota vya ndege na vipande vya mbao alivyoviacha fundi siku anamaliza kazi. Mwali mmoja ukipenya kwenye ufa wa fisha bodi, mwenye nyumba ataanza kutafuta ndoo za maji akiwa bado anafukuzwa na nyigu waliosalia.

Njia ya pili ni ya watoto: jiwe, manati, au ganda la nazi lililorushwa kwa shabaha. Hiyo haina haja ya kujadiliwa. Njia ya tatu ni ya watu wazima wenye haraka: kopo la dawa ya mbu, saa nane mchana, jua kali, mpuliziaji amesimama juu ya stuli. Hapo ndipo watu wengi huumia, na si kwa sababu dawa ni dhaifu. Mchana sehemu kubwa ya nyigu wako mbali wakitafuta chakula. Ukiwaua waliopo, wengine wanarudi alasiri na kukuta nyumba yao imevurugwa, wanazungukazunguka pale pale, na mtu wa kwanza kupita chini yao, mara nyingi mtoto anayetoka shule, ndiye anayelipa. Wale waliokuwepo nao hawakufa papo hapo. Katika aina nyingi za nyigu wanaoishi kwa kundi, sumu hubeba harufu inayowaita wenzao vitani. Mmoja akishakuuma, umepakwa alama.

Wakati wa mvua, majani yakiota na viwavi wakizidi, viota huongezeka na simu za kutafuta mtu wa dawa huongezeka pia. Kabla ya kupiga simu hiyo, mambo mawili yanatosha kuamua karibu kila kitu: ni nyigu wa aina gani, na kiota kiko umbali gani kutoka mahali watu wanapopita.

Wa karatasi na wa tope

Anayetupa taabu zaidi ni yule mrefu wa rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, mwenye kiuno chembamba ajabu na miguu inayoning'inia anaporuka. Wapo wanaomwita dondora, wapo wanaomwita mavu, na wengi humwita nyigu tu. Kwa wanasayansi ni Belonogaster, na jamaa zake wameenea karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Kiota chake hutambulika kirahisi kwa sababu hakina ganda la nje: ni sega moja la karatasi ya kijivu lililotundikwa kwa kikonyo kimoja, vyumba vyake vya pembe sita vikiangalia chini. Ukisimama chini unawaona wenyewe wamekaa juu ya sega, unaona mabuu yametoa vichwa, unaona na vyumba vilivyozibwa kwa utando mweupe ambamo wadogo wanageuka wakubwa. Yupo na jamaa yake, Polistes, mwenye kiuno kifupi zaidi na kiota cha namna hiyo hiyo.

Karatasi hiyo hutengenezwa kwa mbao zetu. Nyigu hutua juu ya ubao uliopigwa na jua na mvua mpaka ukawa wa kijivu, mlango wa zamani au nguzo ya uzio, akakwangua nyuzi kwa meno, akazitafuna na mate mpaka zikawa rojo, kisha akazitandaza kidogo kidogo. Mfaransa mmoja, René Antoine Ferchault de Réaumur, aliutazama ufundi huo na mwaka 1719 akawaambia wanataaluma wenzake wa Paris kwamba huenda karatasi ikatengenezwa kwa miti badala ya matambara kama ilivyokuwa desturi Ulaya wakati huo. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya viwanda kufanya hivyo kwa wingi. Gazeti la karatasi unaloshika Jumapili lina ujamaa na kitu kilichoning'inia juu ya mlango wako.

Kiota huanzishwa na jike mmoja au majike wachache walioungana. Hapo mwanzo ni vyumba vichache tu, kipande kisichozidi ukubwa wa sarafu, na mwenyewe analea peke yake. Baada ya wiki kadhaa mabinti huanza kutoka na kusaidia kazi, na hapo ukuaji hushika kasi. Hata kikishakomaa, kiota cha nyigu wa namna hii kwa kawaida kina wakubwa kwa makumi. Hakifikii maelfu ya nyuki walio katika mzinga mmoja. Madume hawana mwiba kabisa. Mwiba ni kifaa cha kutagia mayai kilichogeuzwa silaha, kwa hiyo ni mali ya majike peke yao.

Na chakula chao? Hapa ndipo ninapoanza kuwatetea. Kiuno kile chembamba hakipitishi kipande kigumu, hivyo nyigu mkubwa huishi kwa vinywaji: maji matamu ya maua, utomvu, juisi ya embe lililopasuka, soda yako. Nyama anaitafuta kwa ajili ya mabuu. Anazunguka kwenye mchicha, mabamia, nyanya na mahindi, anakamata kiwavi, anamtafuna mpaka anakuwa donge, kisha anampeleka nyumbani kama tonge. Kila buu lililonenepa upenuni limekula viwavi ambao vinginevyo wangekula bustani. Viwavijeshi vamizi walipoonekana Afrika mwaka 2016 na kusambaa kwenye mahindi ya nchi moja baada ya nyingine, mkulima alifikiria dawa ya kupulizia kwanza. Huko Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyigu wa jamii ya Polistes wakiachwa karibu na mimea hupunguza viwavi hao hao pamoja na wale wanaotoboa miwa. Sisemi mtu afuge nyigu. Nasema kiota kilichoko kwenye mwembe mwisho wa shamba, mahali ambapo hakuna anayekwea wala kukata majani, kiachwe.

Kundi la pili ni la wafinyanzi, na hawa wanauawa bure. Kwenye kuta za baraza, nyuma ya pazia, juu ya fremu ya picha, hata kwenye mikunjo ya koti lililotundikwa muda mrefu, utakuta bonge la tope lililokauka. Mjenzi wake, wa kawaida zaidi kwetu akiwa Sceliphron spirifex, ni mweusi mwenye kiuno kirefu cha njano na miguu ya njano na nyeusi. Huyu hana kundi. Jike anajenga peke yake, akibeba tope vidonge vidonge kutoka penye bomba linalovuja, na hana jeshi la kumlinda. Unaweza kusimama kando ya kazi yake asikujali. Ili akuume inabidi umshike kwa mkono au umkalie.

Ukilipasua bonge hilo hukuti asali. Unakuta buibui, wengi, wamelegea kama waliokufa, lakini wako hai. Nyigu amewadunga sumu inayowapoozesha bila kuwaua, kisha akawapanga chumbani pamoja na yai moja, ili buu litakapoanguliwa likute nyama ambayo haijaoza. Wengine wa ukoo wa wafinyanzi hujaza viwavi badala ya buibui. Mambo ya kutisha kidogo, nakubali, ila buibui wa nyumba yako wanapunguzwa bila gharama.

Anayechukia doa la tope ukutani alikwangue kwa kisu butu, aoshe kwa maji na sabuni. Hahitaji dawa. Panapostahili uangalifu ni kwenye matundu, kwa maana wafinyanzi wengi, na hasa wale wanaopenda tundu lililokwisha kuwepo, huziba chochote chenye upana wa kidole: tundu la kufuli, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, ncha ya mpira wa bustani, soketi ya nje. Tarehe 6 Februari 1996, ndege aina ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini dakika chache baadaye na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waligundua kuwa kipimo cha mwendo upande wa rubani kilikuwa kinasoma uongo, na waliona sababu inayoelekea zaidi ni mrija wa kupokea upepo kuzibwa na nyigu mfinyanzi, kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila mirija yake kufunikwa. Mrija wenyewe haukupatikana, kwa hiyo imebaki kuwa dhana, lakini ni dhana inayowafanya mafundi wa viwanja vya ndege vya nchi za joto wafunike mirija kila ndege inapolala. Nyumbani, kizibo kwenye ncha ya mpira na kipande cha wavu kwenye bomba la kiyoyozi vinatosha.

Yupo mwingine ambaye ningelipa aje kwangu. Ni mdogo, anang'aa kijani na buluu kama chuma kilichosuguliwa, na mapaja yake ya nyuma ni mekundu. Anaitwa Ampulex compressa, na kazi yake ni mende. Anamdunga mende mara mbili: kwanza kifuani, ili miguu ya mbele ilegee, kisha kichwani, kwenye ubongo wenyewe. Mende hafi wala hapoozi. Anapoteza tu hamu ya kukimbia. Nyigu anamkata papasi nusu nusu, kisha anamshika kwa kilichobaki na kumkokota kuelekea shimoni, naye mende anafuata kwa miguu yake. Huko anatagiwa yai na kufukiwa. Mwaka 1941 nyigu huyo alipelekwa Hawaii makusudi ili apunguze mende. Ukimwona anakagua ukuta wa jiko, weka chini kandambili.

Na kabla hujafanya lolote, hakikisha si nyuki. Nyuki ana vinyweleo na mwili mnene, na kiota chake hukioni; unachoona ni msururu wa wadudu wanaoingia na kutoka kwenye tundu moja la ukuta au dari, na usiku ukiweka sikio unasikia mvumo. Hao ni maelfu, nao wakiamka hawatosheki na mtu mmoja. Tafuta mrina asali wa eneo lako, au omba msaada wa Zimamoto, kwa Tanzania simu ni 114. Nyuki wakiuawa ndani ya dari, asali huyeyuka na kushuka ukutani, masega huoza, siafu na panya hufuata. Kuwahamisha ni nafuu kuliko kuwaua.

Kazi ya usiku

Sasa tuseme kiota ni cha karatasi, kiko juu ya mlango wa jiko, na ndani ya nyumba mna watoto. Hapo sina ubishi: kiondoke. Ningekuwa na la kumwambia kila mwenye nyumba, ningesema atembee kuzunguka nyumba yake akitazama juu mara moja kwa wiki msimu wa mvua. Kiota cha jike mmoja chenye vyumba vitano kinaondolewa kwa fagio la utando wa buibui, asubuhi mapema kabla jua halijapasha mabawa, na mwenyewe mara nyingi huenda zake. Akirudi kujenga pale pale, unarudia. Baada ya mara mbili tatu huchoka kabla yako.

Kilichokomaa kinangoja giza. Saa mbili usiku karibu wote wamerudi na wamekaa juu ya sega, baridi imewapunguzia kasi, na gizani hawaruki vizuri. Vaa shati la mikono mirefu, suruali nene iliyochomekwa kwenye soksi, kofia, miwani, na kitambaa shingoni. Tochi usiishike mkononi, kwa sababu nyigu anayeanguka hufuata mwanga. Iweke mbali pembeni, au ifunike kwa plastiki nyekundu, rangi ambayo wadudu hawa hawaioni vizuri. Zima taa ya baraza. Funga milango na madirisha, na waambie waliomo ndani wasifungue mpaka uwaite. Amua mapema utarudi nyuma kwa njia ipi, na uondoe ndoo, viti na kamba ya kuanikia nguo kwenye njia hiyo. Wengi walioumia vibaya wameumizwa na ngazi. Kama kiota hakifikiki ukiwa umesimama chini, hiyo si kazi yako.

Silaha ninayoipenda ni sabuni. Changanya maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nzito kidogo, utie kwenye bomba la kupulizia linalorusha mbali. Mdudu hapumui kwa mdomo. Anapumua kwa matundu madogo yaliyo ubavuni. Maji matupu huteleza yakadondoka, lakini sabuni huyalainisha yakapenya kwenye matundu hayo, na nyigu aliyelowa hawezi kuruka wala kuvuta hewa. Lowesha kwa mkupuo, bila kusita, ukianza na waliokaa nje ya sega. Dakika chache zinatosha. Hakuna sumu inayodondokea sufuria, na kuku wakidonoa walioanguka hawadhuriki.

Anayetaka dawa ya kopo atumie ya jamii ya pareto, na hapa tuna hadithi yetu wenyewe. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, maua meupe ya pareto kutoka nyanda za juu za Kenya, kuzunguka Nakuru, yalikuwa ndiyo sehemu kubwa ya pareto iliyouzwa duniani, na hadi leo wakulima wa Mbeya, Iringa na Njombe wanayachuma na kuyapeleka kiwanda cha Mafinga. Sumu yake humwangusha mdudu papo hapo kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Kwa asili ina udhaifu mmoja: jua huiharibu haraka. Ndiyo maana wakemia waliunda ndugu zake wa kiwandani, na permethrin iliyobuniwa Uingereza mwaka 1973 na timu ya Michael Elliott huko Rothamsted ilikuwa ya kwanza kustahimili mwanga wa shambani. Makopo mengi ya dukani leo yana sumu za ukoo huo. Kwa binadamu hatari yake si kubwa ikitumiwa ilivyoandikwa, lakini samaki hufa kwa kiasi kidogo sana, na paka hawaivumilii permethrin. Mwenye bwawa la samaki au paka anayelala barazani arudi kwenye sabuni.

Petroli na mafuta ya taa, hata bila kuwashwa, viachwe. Moshi unawasogeza tu, na kesho wanarejea.

Asubuhi yake kiangushe kiota kwa mti mrefu, ukifunge kwenye mfuko, ukitupe au ukifukie. Mabuu yaliyobaki ndani hayana wa kuyalisha. Kisha kwangua kikonyo mpaka ubao uwe mtupu na upasugue kwa sabuni. Upenu uliowafaa mwaka huu utawafaa wengine mwakani, hata kama kiota cha zamani hawakirudii. Ubao uliopakwa rangi au vanishi haukwanguki kirahisi, kwa hiyo kupaka fisha bodi na milango ya uani kunawanyima malighafi na kunakuongezea umri wa mbao. Matundu ya hewa ya dari yafungwe wavu mwembamba, ule wa madirisha ya mbu. Ndoo ya taka iwe na kifuniko, maembe yaliyoanguka yaokotwe, na muuza juisi ya miwa mwenye makapi rundo nyuma ya kibanda asishangae.

Ukishaumwa

Nyigu haachi mwiba mwilini kama nyuki, na kwa hiyo aweza kukuuma tena na tena. Kama aliyekuuma ni nyuki na mwiba umebaki, ung'oe upesi kwa namna yoyote. Kila sekunde unaendelea kusukuma sumu. Kwa nyigu hakuna cha kung'oa. Ondoka hapo kwanza, bila kupunga mikono, ingia ndani ufunge mlango. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa, vua pete kama ni mkono, kabla kidole hakijavimba. Dawa ya maumivu na ya mzio za kawaida zinasaidia.

Kuhusu vitunguu, chokaa, siki, dawa ya meno na mate ya bibi: sumu huingizwa chini ya ngozi, na ni mchanganyiko wa protini na kemikali nyingine ambazo siki iliyopakwa juu haizifikii. Ikikupoza, ubaridi ndio uliokupoza. Mwenye kupaka kitunguu apake, ili mradi asichelewe hospitali.

Kwa maana wapo ambao kuumwa mara moja kunatosha kuwaua. Mwili wao, ulioumwa zamani bila tatizo, umejiandaa kuikabili sumu kupita kiasi. Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa moja kupita: vipele vya kuwasha mwili mzima, mbali na pale palipoumwa, midomo, ulimi au kope kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuishiwa nguvu. Hapo hakuna kusubiri. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae kama anashindwa kupumua, na asafirishwe mara moja kwenda kituo cha afya kuchomwa adrenalini kwenye paja. Vidonge vya mzio pekee havitamwokoa. Sindano za kujidunga mwenyewe ambazo wagonjwa wa Ulaya hutembea nazo si kitu cha kukuta kirahisi katika maduka yetu ya dawa, kwa hiyo mwenye historia hiyo ajue mapema ni kituo kipi cha karibu chenye adrenalini na kinachofunguliwa usiku. Na huyo ndiye mtu asiyepaswa kabisa kushika ngazi wala bomba la sabuni.

Aliyeumwa mara nyingi kwa mpigo aonwe na daktari hata kama hana mzio, na mtoto kabla ya mtu mzima. Aliyeumwa mdomoni au kooni, kwa sababu ya nyigu aliyeingia kwenye kopo la soda, asingoje uvimbe. Mimina kinywaji kwenye glasi ukila nje.

Ndugu zetu walioko Oman wana mdudu mwingine kabisa, na mbinu hizi za barazani wasizihamishe huko bila kufikiri. Yule ni mavu wa kweli, Vespa orientalis, mkubwa, mwekundu wa kahawia mwenye mshipi wa njano tumboni, ambaye makao yake ni Mashariki ya Kati na kaskazini-mashariki ya Afrika, Misri kwa mfano. Pwani ya Kenya na Tanzania si kwao. Hujenga ardhini au ndani ya matundu ya kuta, hupenda tende zilizoiva, na huvamia mizinga ya nyuki kwa ukatili. Kinyume na wadudu wengi, hachoki na jua la saa sita. Mwaka 2010 watafiti wa Tel Aviv walieleza kwamba mshipi wake wa njano na ngozi yake vinaweza kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme kidogo. Kundi lake huwa kubwa, na sega haliko mbele ya macho yako, kwa hiyo ndoo ya sabuni haina pa kulenga. Waite wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kuajiri si aibu hata huku kwetu, hasa kwa kiota cha ghorofani au kilicho ndani ya dari. Ila soko la wapuliziaji limejaa watu wenye pampu ya mgongoni na chupa ya soda iliyojazwa kitu cheupe kinachonuka. Anayekuja kwako akuonyeshe kopo lenye lebo. Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na namba ya usajili hukaa kwenye lebo hiyo. Sumu za shambani za kuulia wadudu wa pamba au kahawa hazina kazi juu ya mlango wa jiko. Muulize atafanya nini na kiota baada ya kupulizia, kwa sababu wengi hupuliza, hupokea pesa, na kukiacha kinaning'inia. Muulize pia anakuja saa ngapi. Akisema saa nane mchana, mwambie aje saa mbili usiku, na kama usiku hafanyi kazi, tafuta mwingine.